Mtaro Ambao Hatukumchimbia Kalunde

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Hapa Kola kikundi chetu cha mwethya, wanawake kumi na wawili tunaosaidiana shambani kwa zamu, kilinipa uenyekiti kwa sababu naweza kumfokea mvivu bila kumung'unya maneno. Kila Jumanne tunachimba mitaro ya kuzuia maji kwa shamba la mmoja wetu, na asiyechimba hachimbiwi.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, Kalunde, alianza kukaa. Sisi tunachimba, yeye ameketi kwa kidebe, anajisugua magoti.

"Miguu ni mizito, Mama Josphat," aliniambia. "Asubuhi magoti yanakataa kukunjika."

"Ati mizito? Mbona ya kwenda sokoni ni miepesi?"

Wakacheka, nami kichwa kikavimba. Nikamfuta kwenye zamu mwezi wa Oktoba, wiki mbili kabla ya siku yake. Alichukua kidebe chake akaenda.

Juni hii ikawa zamu ya magoti yangu. Niliamka nikashindwa kushuka kitandani. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, basi ikabidi nishikilie mlango. Jioni miguu imevimba, viatu haviingii. Nikaficha, aibu tupu. Jumanne nasimama pembeni na kifimbo, naonyesha mtaro upite wapi, eti nasimamia. Nyumbani najipaka dawa ya kuchua hadi nyumba nzima inanuka, kisha nakaa kutwa, na nikikaa ndiyo viungo vinazidi kukaza.

Septemba nikaenda kliniki mjini, mbali na macho ya Kola. Dada wa mazoezi, jina lake Mwendwa, alinipima akasema gegedu za magoti, zile zinazozuia mfupa kusuguana na mfupa, zimeanza kulika. Nisikae kutwa wala kusimama kutwa. Nitembee kidogo kidogo, niimarishe misuli ya mapaja, na jioni niinue miguu.

"Mwenzako atakuonyesha," akasema, akamwita mama aliyekuwa kwenye kiti cha pili. Alikuwa Kalunde.

Alinionyesha. Nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha polepole. Hakunicheka. Heri angenicheka.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba langu. Wenzangu walipofika na majembe, niliwasimamisha.

"Nilimfukuza mgonjwa nikamwita mvivu," nikasema. "Na miezi mitatu hii nimewadanganya. Sisimamii kitu, niko na magoti mabovu. Leo twende kwa Kalunde, zamu yangu ni yake."

Mbithe, aliyecheka kuliko wote siku ile, aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Shamba la Kalunde ni la mteremko. Kumbe mvua ya Novemba ya mwaka jana ilikuwa imepita katikati, ikaacha korongo linalomfika mtu kiunoni. Mabua ya msimu uliopita yalikuwa mafupi, membamba. Udongo mweusi niliokuwa naujua haukuwepo, ni mawe tu. Mtaro ambao hatukuuchimba ungepita papo hapo.

Kalunde akanivutia kile kidebe.

"Kaa, Mama Josphat. Usisimame sana."

Nikakaa mbele ya wote. Wenzangu walianza kuchimba, na kila jembe lililogonga jiwe nililisikia.