Maziwa ya Jirani

Mpaka ulipofungwa, mke wangu alikuwa upande wa pili akinunua karoti. Sitaki kulitia jambo hili chumvi. Hakutekwa, hakutoroka, hakupotea. Alivuka asubuhi kwenda Gisenyi kama alivyovuka karibu kila siku tangu tuoane, akasogea mbele kidogo hadi kwa wakulima wake, gari lililobeba mzigo likakwama kwenye matope, na aliporudi alikuta lango limefungwa kwa sababu ya korona. Walinzi walimwambia arudi alikotoka. Akawaambia alikotoka ni Goma. Hawakucheka.

Nyumbani kwetu Murara tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na mtoto wetu wa kiume ambaye hakuwa ameota hata jino moja. Mke wangu alikuwa amemnyonyesha kabla ya kutoka, akamwachia maziwa kidogo aliyokamua kwenye kikombe. Ndiyo ilikuwa desturi yake, maana kwa kawaida mchana alikuwa amekwisha kurudi. Jioni kikombe kilikuwa kikavu. Mtoto alinyonya kidole changu mpaka akagundua hakina kitu, ndipo akaanza kulia.

Sisi watu wa Goma tumezoea hatari inayosikika. Vita vina adabu moja, nayo ni kupiga kelele kabla ya kufika. Ukisikia milio upande wa Rutshuru unajua la kufanya: unakunja godoro, unabeba sufuria, unaondoka. Safari hii gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani likitukataza kwenda popote. Tukae ndani, tuachane mita moja moja, tunawe mikono kila mara. Maji yetu yalitoka ziwani kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, na mita moja ndiyo iliyokuwa upana wa chumba cha mama yangu. Nilitamani kumwalika mwenye kipaza sauti aje atupange.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule nazo zilifungwa. Kwetu mwalimu hulipwa na wazazi, wazazi hulipwa na mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kwenda sokoni, mahali ambapo tangu nioe sikuwa nimenunua hata chumvi.

Sikujua kununua. Wauzaji wa kwetu humwita mnunuzi wao wa kudumu kliya, na mke wangu alikuwa kliya wa nusu ya soko. Mimi nilikuwa mwanamume mwenye barakoa anayeuliza bei na kusimama palepale. Maziwa ya unga yalikuwa yameisha madukani, wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuyabeba. Nilipata ya ng'ombe, yaliyoshuka kutoka Masisi kwenye bidoni ya njano. Mama akayachemsha, akayapoza, akayapunguza kwa maji. Mtoto akayatapika yote. Biberoni, ile chupa ya kunyonyea, aliikazia midomo kama mzee anayekataa dawa.

Mke wangu alipiga simu kutoka kwa binamu yake alikokuwa amepata pa kulala.

“Unamupatia nini?”

“Maziwa ya ng'ombe.”

“Anakunywa?”

“Anakunywa kidogo,” nikasema, na haikuwa kweli.

Kisha akasema, “Mie niko nakamua yangu mu choo. Inauma.”

Kutoka alipokuwa hadi mlangoni kwetu, mtu mwenye miguu mizima angefika kabla chai haijapoa.

Nyuma ya ukuta wetu wa mbao, katika jiko la zamani la jirani, aliishi mwanamke aliyekimbia vita kutoka vijiji vya Rutshuru. Alikuwa na mtoto wa kike, mkubwa kidogo kuliko wetu. Tulikuwa tumesalimiana naye, basi. Mama yangu hata salamu hakumpa. Mama alizaliwa upande wa Butembo, na katika vita vya zamani kaka yake aliuawa njiani na watu waliosema lugha ileile ambayo mwanamke huyu alimbembelezea binti yake. Akimwona kwenye njia ya ziwani, mama aliweka bidoni chini na kusubiri mpaka aondoke. Simtetei wala simlaumu. Nasema alivyokuwa.

Mtoto alilia siku kadhaa. Halafu akanyamaza, na kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa nimekaa naye kizingitini, shingo yake imelegea mkononi mwangu, yule jirani alipouzunguka ukuta na kusimama mbele yetu.

“Papa mwalimu, mutoto analala?”

“Halali.”

“Nilikuwa nasikia analia. Sasa sisikie tena. Mutoto akinyamaza hivi, nguvu imeisha.” Akanyoosha mikono. “Unipatie ye. Mie niko na maziwa ya batoto babili.”

Si kwamba sikuwa na sababu za kukataa. Mwaka uliotangulia tulikuwa na ebola, na sisi walimu tulifundishwa tuwafundishe watoto kwamba ugonjwa ule unaweza kupita hata katika maziwa ya mama, hivyo mtu asinyonyeshe mtoto asiye wake. Niliandika maneno hayo ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Na hii korona hatukujua inapitia wapi. Mama yangu alikuwa amekwisha kutoka ndani.

“Hapana,” alisema. “Maziwa haiko maji. Damu inapita mu maziwa. Mutoto atakomaa na damu ya bale batu.”

“Mama,” nikamwambia, “kwanza akomae.”

Jirani alisikia yote, maana hakuna aliyepunguza sauti. Alikwenda kwenye ndoo ya kunawia tuliyoiweka mlangoni tangu siku za ebola, akanawa mikono, akanawa na titi, akakaa kizingitini na kumpokea mtoto. Mwanzoni mtoto hakufanya kitu. Kisha nikamsikia akimeza. Mimi mtu mzima, mwenye sauti ya kutuliza darasa zima, nililia mbele ya mama yangu na mbele ya mgeni, wala sikuona haya.

Tangu siku hiyo alikuja asubuhi, mchana na jioni. Na kwetu anayenyonyesha hulishwa. Mama ndiye aliyenikumbusha, huku akiangalia pembeni.

“Ule mwanamuke akilala njaa, njo mutoto yetu analala njaa.”

Akakoroga uji wa mtama, mzito, wenye sukari tuliyokuwa tunaibania. Lakini hakumpelekea mwenyewe. Alinipa bakuli mimi, mimi nikazunguka nalo ukuta. Nilipomuuliza kwa nini asimpe mkononi, alijibu kwamba serikali imesema watu waachane mita moja. Korona ilimfaa sana mama yangu siku zile.

Kwa hiyo sasa nilikwenda sokoni kumnunulia mwanamke anayenyonyesha, na hapo ndipo nilipojifunza kununua. Maharagwe yasiyo na vumbi la wadudu. Mboga za lengalenga zilizochumwa asubuhi. Ndagala, yaani dagaa, zilizokauka sawasawa, maana zile za unyevunyevu huchacha kabla hujafika nyumbani. Muuzaji wa ndagala alinitazama siku nyingi kabla hajauliza.

“Papa, bibi yako alikufa?”

“Hapana. Alifungiwa Gisenyi.”

“Shee! Na mutoto, nani ananyonyesha?”

“Jirani.”

Alichota ndagala kwa kiganja, akaziongeza juu ya nilizolipia. Nyongeza hiyo kwetu huitwa matabishi, na mimi sikuwahi kupewa. “Hii haiko yako,” akasema. “Ni ya ule jirani.” Kuanzia siku hiyo aliniita kliya.

Shule iliendelea kufungwa. Baadhi ya wazazi waliniletea watoto wawili watatu nyumbani niwasomeshe, wakanilipa kwa unga na makaa. Unga na makaa vilizunguka ukuta vikiwa chakula, vikarudi vikiwa maziwa. Kila jioni nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba mtoto amenenepa, na safari hii ilikuwa kweli. Sikuchelewa kumwambia ni kwa maziwa ya nani. Aliuliza tu kama yule mwanamke ni msafi. Baadaye akaacha kuuliza habari za kunyonya kabisa.

Hatimaye waliokwama waliruhusiwa kurudi. Walimweka kwanza mahali pa kungojea waone kama ana homa, kisha wakamwachia. Alikuja kwa miguu, amepungua, na mfuko wa karoti begani, kwa sababu mke wangu hawezi kuvuka mpaka mikono mitupu. Alimkuta jirani kizingitini na mtoto. Akaita. Mtoto akamtazama, akauficha uso ndani ya kitenge cha jirani. Mke wangu akafikiri ni barakoa, akaivua. Mtoto akalia zaidi.

Akaingia chumbani. Nilimkuta ameketi kitandani, mkono kifuani. Maziwa yake yalikuwa yamekauka huko Gisenyi.

“Sasa nimerudia nini?” aliniuliza.

Nilikaa kando yake, na kwa kweli nilimwogopa.

Alasiri mtoto akaanza kulia njaa. Mke wangu alimnyanyua kabla sijasimama, akachukua na karoti kadhaa, akauzunguka ukuta peke yake. Nilisubiri kusikia maneno. Sikusikia kitu, nikaenda kuchungulia. Wanawake wale wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja. Jirani alikuwa anamnyonyesha mtoto wetu, na binti yake alikuwa mapajani kwa mke wangu, anaguguna karoti. Nilirudi nyumbani bila kuonekana.

Mtoto alinyonya kule mpaka akaanza kutembea. Kisha habari zikaja kwamba kwao jirani kumetulia, na msimu wa kupanda maharagwe ulikuwa umekaribia, akafunga vitu vyake. Mke wangu alimsindikiza hadi kwenye minibasi. Mama yangu alinipa mfuko wa unga wa mtama nimpelekee. Nikamwambia, mama, anaondoka, angalau leo mpe mwenyewe. Akasema korona bado ipo.

Kwa muda tulisikiana kwa simu. Halafu vita vikarudi. Vilianzia upande wa Bunagana, vikashuka, na simu ya jirani ikaacha kuita. Watu wakaanza kumiminika Goma kwa ile barabara ya Rutshuru, siku nzima, na magodoro yao vichwani. Sisi tulisikiliza redio. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Akaacha kuchambua.

“Nilisema damu inapita mu maziwa,” akasema.

“Ndiyo, mama, ulisema.”

“Sasa munaikalia nini? Batu yetu beko mu njia.”

Mke wangu alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Tulikwenda hadi mwisho wa mji na kusimama kando ya barabara. Kila mwanamke aliyetoka pande zile nilimuuliza, nikaeleza sura, nikaeleza kijiji. Wengi hawakuwa na nguvu za kujibu. Mzee mmoja aliyekuwa anavuta mbuzi alisimama, akanisikiliza mpaka mwisho.

“Huyu unamutafuta, ni nani yako?”

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto majina ya vitu. Nilitafuta jina nikalikosa. Si ndugu, si mkwe, na jirani hakuwa tena.

“Ni mama ya mutoto yangu,” nikasema.

Mzee alinitazama, akamtazama na mke wangu aliyesimama kando yangu na mtoto mgongoni. Mke wangu hakunisahihisha.

“Iko na mutoto mwanamuke,” alimwambia mzee, “anapita huyu kidogo mu ukubwa. Mukibaona mu njia, mubaambie nyumba iko palepale.”