Programu Isiyoijua Sabato

Kazi yangu ni kuwatafutia watu wanaoanza biashara programu zinazowafaa, kisha kukaa nao mpaka wazizoee. Mdomo ninao, na niliamini nikishaeleza jambo limeeleweka. Aliyenishusha ni mama mmoja wa Kiogoro.

Alikuwa ameanza kukusanya matoke, ndizi za kupika, kwa wakulima wa Birongo na kuyapeleka katika hoteli za mjini Kisii. Maagizo aliyaandika kwa kalamu kwenye kiganja, na akiosha vyombo yanapotea. Nikamwekea programu ya kupokea maagizo na kuwajibu wateja yenyewe, hata simu yake ikiwa imezimwa. Alifurahi, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi ya kwanza, mteja wake mkubwa, mwenye hoteli wa Kihindi, aliagiza matoke ya wageni wa harusi. Programu ikamjibu papo hapo kwamba mzigo utafika saa sita. Mama mwenyewe alikuwa kanisani, na mzigo haukufika. Yeye ni Msabato, na simu yake huzimwa Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jua litue tena. Mimi Mkatoliki nimezaliwa na kukulia kati ya Wasabato, na bado nilipoipangia programu siku za kazi nikaiweka Jumamosi pia.

Jumapili niliikosa misa, nikaenda na mama hotelini. Bila mteja yule biashara yake ingekufa. Nilijua mama atanitaja mimi kuwa mwenye kosa, na angekuwa na haki.

"Bosi, pole sana," mama alimwambia mwenye hoteli. "Tulikosea. Hatukuiambia hiyo programu mambo ya Sabato."

Hakunitazama hata kidogo. Alijitwika kosa langu hivyo hivyo.

"Wageni walikula wali," alisema mwenye hoteli. "Lakini hata mimi siku ya Diwali, sikukuu yetu, sishiki simu. Sasa nimejua. Nitaagiza Alhamisi. Hiyo programu irekebishwe leo."

Tuliirekebisha palepale mezani, mama akibonyeza na mimi nikitazama tu.

Siku hizi, mtu akinijia na biashara yake changa, kabla sijafungua kompyuta namuuliza wiki yake inakwendaje. Nina deni la shukrani kwa mama yule. Mara nyingine siku ya Jumamosi namtumia agizo la matoke ya nyumbani, ingawa ningeweza kungoja, ili tu programu inijibu kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe: "Leo tumepumzika. Kesho tuko."