Mnyama Niliyemwacha Nje ya Orodha

Aibu yangu ilinipata mchana kweupe, mbele ya nusu ya watu wa Kisangani, na kwa kuwa kila mmoja wao anaisimulia kwa namna yake (kuna mwanamke sokoni anayeapa kwamba nililia, nami sikulia), nimeona afadhali niiandike mwenyewe, polepole, kama ninavyoandika kila kitu.

Nafanya kazi kwenye bustani ya wanyama, upande wa mto Tshopo. Kazi yangu ni kufagia. Lakini nilimaliza shule ya msingi, na msimamizi wetu, Papa Bolamba, anayejua wanyama kuliko mtu yeyote mjini, hajui kusoma. Kwa hiyo ilipojengwa nyumba mpya ya wanyama wadogo, aliniambia: "Musafiri, nyumba hii itakuwa na daftari, na daftari inataka mutu. Kama orodha yako iko muzuri, ni weye. Kama iko mubaya, fagio iko pale pale."

Orodha yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mto mkubwa, ukingo wa kushoto, mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa ana bustani yake ndogo, na watu walikuwa wakibishana siku nyingi ni bustani ipi yenye wanyama wadogo wa ajabu zaidi. Simba na tembo kila mtu anawajua, lakini hawa wadogo wanaolala mchana ndani ya masanduku, nani anawajua? Basi bwana mwenye bustani yetu na bwana wa kule wakapatana: Jumapili ya kufungua nyumba mpya, orodha za bustani mbili zisomwe mbele ya watu, na msomaji niwe mimi. Siku tatu kabla, nikatumwa kuvuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kuchonga, nikaandike wa kule.

Mtunzaji wa kule anaitwa Papa Alimasi, mtu mwembamba, miguu myepesi, ulimi mwepesi zaidi. Alikuwa anagawa chakula, hakusimama. Nilimfuata na karatasi juu ya ubao, nikiandika herufi moja wakati yeye anapita sanduku moja. Popo mwenye kichwa kama cha farasi. Poto, yule anayepanda tawi taratibu kama mzee anayepanda ngazi ya posta. Swala mdogo wa majini, asiyezidi paka mnene. Kwetu tulikuwa na komba, na pelele anayepiga kelele usiku mpaka askari wa kambi ya Kapalata wadhani mtu anachinjwa, na motomba, yule panya mkubwa anayejaza mashavu kwa chikichi. Nilikuwa nalinganisha kichwani na kufurahi, kwa sababu mpaka mstari wa nane kule walikuwa wanane na sisi tulikuwa wanane.

Halafu Papa Alimasi akagonga sanduku moja lenye kifuniko cha matete.

"Na humu iko kakakuona. Yeye anakula chungu tu, wale wadudu weusi. Kila asubuhi mi napanda muti..."

Sikusikia yaliyobaki.

Hapa lazima nieleze. Wazazi wangu wametoka Maniema, na kwa watu wetu kakakuona si mnyama wa mchezo. Nilipokuwa na miaka sita hivi, mmoja alikutwa amekufa karibu na kijiji cha babu, na wazee wakamzunguka, na mama akanifunika macho kwa kanga yake. Hakuniambia neno. Mimi ndiye niliyejiambia, miaka yote iliyofuata, kwamba kijana hamtazami, hamgusi, hamtaji wala hamhesabu. Nyumbani tunakaa na Tonton Ramazani, kaka yake mama, mshonaji, mtu wa maneno mengi. Ningeweza kumuuliza jioni yoyote. Sikumuuliza. Mimi kuuliza kitu kunanichosha kuliko kufagia.

Basi niliinua penseli. Ndiyo hiyo tu. Sikuandika uongo, niliinua penseli kidogo na kupita, na Papa Alimasi alikuwa ameshafika sanduku la pili la nungunungu, ambaye nilikuwa nimeshamwandika, na mstari wa tisa ukabaki mweupe.

Jioni Papa Bolamba alinikalisha nje ya banda nimsomee. Alisikiliza amefumba macho, akihesabu kwa vidole. Nilipofika mwisho alifungua macho.

"Na kakakuona?"

Mngemwona uso wake mngeelewa kwa nini aliuliza. Mwaka uliotangulia tulikuwa naye mmoja. Papa Bolamba alimpa nyama ya kusaga, alimpa mayai, alimpa maziwa ya kopo, akalala pembeni yake kama kwa mtoto mgonjwa, na baada ya wiki mbili mnyama akafa. Tangu hapo husema, kwa wageni na kwa nafsi yake, kwamba mnyama yule hawezi kukaa na watu.

Nilitikisa kichwa. Hata "hapana" sikuisema, nilitikisa kichwa tu, na yeye akapumua kwa furaha.

"Njo vile nilisema! Hata Alimasi ameshindwa. Bon. Andika chini pale: kakakuona, hakuna, hapa wala kule. Watu wajue ni munyama mugumu, si makosa ya mutu."

Nikaandika. Mkono wangu, ulioona haya kumtaja mnyama akiwepo, haukuona haya kumtaja kwamba hayupo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile.

Jumapili ikafika. Walikuja makarani na wake zao, watoto wa shule wamepangwa kwa mistari, Wagenia wawili watatu, wavuvi wa mtoni, na harufu yao ya samaki, askari, wazungu kwenye viti. Tonton Ramazani alikuwa mbele kabisa kwa sababu alitaka watu waone kaptula yangu mpya, aliyoishona yeye, pana mno (kila nguo anayonishonea anasema nitakua ndani yake). Papa Alimasi alikuwa upande wa pili na kapu lenye kifuniko kati ya miguu yake. Nikafikiri amebeba chakula chake.

Nilianza kusoma. "Sauti!" wakapiga kelele. Nikaongeza sauti. "Sauti, mutoto, ama umemeza motomba?" Watu wakacheka, nami nikasoma wa kwetu wanane na wa kule wanane, na kwa kuwa nilitaka sana kumaliza, mstari wa mwisho niliusoma kwa sauti kubwa kuliko yote:

"Kakakuona, hakuna, hapa wala kule!"

Papa Bolamba akasimama, akawaeleza watu kwa upole jinsi mnyama yule anavyokataa chakula cha mtu, na kwamba hakuna mtunzaji wa kulaumiwa. Alisema vizuri. Wanawake wengine waliguna kwa huruma. Nami nilisimama nimeshika karatasi, nikimwona Papa Alimasi anainama taratibu.

"Papa Bolamba, samahani," alisema. "Alors, huyu mwenye kulala mu kapu yangu ni nani? Ni shemeji?"

Akageuza kapu. Kitu cha mviringo chenye magamba kikabingirika mpaka katikati ya uwanja, kikatulia, kikafunguka.

Watu walirudi nyuma, watoto wakakimbilia mistari isiyo yao, hata askari mmoja alipanda kiti. Mimi peke yangu sikusogea. Si ujasiri, miguu ilikataa. Na kakakuona, akitafuta kitu cha kupanda, akatazama uwanja mzima na kuona kitu kimoja tu kilichosimama kama mti.

Alianza na kifundo cha mguu. Kucha zake zilikuwa baridi. Akapita goti, akazungusha mkia pajani mwangu, akafika kiunoni na kushika mfuko wa kaptula, na kaptula ile pana, niliyopaswa kukua ndani yake, ikashuka pamoja na uzito wake mpaka magotini.

Kelele ile ya watu sitaieleza. Lakini juu yake nilisikia sauti moja niliyoijua:

"Mishono haikukatika! Mutazame, mishono iko nzima!" Ndiye Tonton Ramazani, akitetea kazi yake.

Alikuja yeye mwenyewe, akamfungua mnyama mkia pole pole, akambeba mikononi kama mtu anayebeba shuka iliyofuliwa, bila hofu yoyote. Nami nikavuta kaptula juu.

"Tonton," nilisema, "si tumekatazwa?"

"Tumekatazwa kumuua na kumukula ovyo, Musafiri. Kisu na sufuria. Nani alikataza penseli?"

"Mama alinifunika macho."

"Mama yako alikufunika macho kwa sababu ya inzi! Kwa nini hukuniuliza? Mi nakaa na weye chumba kimoja!"

Na pale ndipo nilipomwona Papa Bolamba. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama kakakuona, mzima, mnene, akinusa shati la mjomba wangu.

"Alimasi," aliuliza mbele ya watu wote, bila kujali tena nani ameshinda, "unamupa nini?"

"Chungu wa juu ya muti. Mi naleta kiota nzima. Mbona nilimuambia mutoto wako yote?"

Kucheka kwa watu kulipita siku ile ile. Swali lile bado halijanipita. Jibu ambalo Papa Bolamba alikesha wiki mbili akilitafuta lilisemwa masikioni mwangu siku ya Alhamisi, nami niliinua penseli.

Daftari amepewa kijana mwingine, anayeandika haraka. Mimi nina fagio, na kila Alhamisi navuka mto kujifunza kwa Papa Alimasi namna ya kushusha viota vya chungu (mikono yangu imevimba ninapoandika haya), kwa sababu Papa Bolamba anataka kujaribu tena. Nimeapa kutoruka tena sanduku lolote, na nisilolijua kuliuliza siku hiyo hiyo, hata kama ulimi unakauka.

Kiapo chenyewe siwezi kukisahau, maana Papa Bolamba amebandika orodha yangu kwenye mlango wa nyumba mpya. Mstari wa mwisho ameukwangua kwa kisu, ameacha nafasi nyeupe. Mgeni akiuliza pale palikuwa na nini, yeye hajibu. Ananiita. Naweka fagio chini, nasimama mbele ya watu, nasimulia yote tangu mwanzo, pamoja na kaptula.

"Sauti!" husema Papa Bolamba kutoka ndani.

Nami naongeza sauti.