Mguu wa Pili

Agosti mwaka huu wa 1968 nilimzika mke wangu, Kemunto. Kaka yangu Ombati, anayekaa Suneka, hakuja mazishini, nami nikaapa kutosema naye tena.

Sabato iliyopita, kanisani kwetu Kebirigo, ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Kwanza sisi huoshana miguu, na mtu hutakiwa kupatana na aliyekosana naye. Mimi nilimchagua jirani yangu Nyakundi, ambaye hatujawahi kugombana naye hata kwa ajili ya kuku. Nikajiona mjanja.

Nilienda kuchota maji ya moto, nikarudi nimeinama, macho kwenye karai nisimwage. Nikapiga magoti mbele ya kiti nilipomwacha. Nilipoushika mguu, machozi yakanijia.

"Nyakundi," nikanong'ona, "mimi ni mnafiki. Nimekuchagua kwa sababu wewe ni rahisi. Namchukia Ombati, na nimechoka kumchukia. Namuwaza yeye kuliko ninavyomuwaza marehemu."

Nikautia mguu majini. Hapo ndipo nilipoona kidole gumba kisicho na ukucha, nilichokikata mwenyewe kwa jembe tukiwa wavulana.

Nikainua macho. Nyakundi alikuwa amesimama dirishani, akijifanya anatazama migomba.

"Nilimwomba kiti chake," Ombati akasema. "Sikuja kumwona Kemunto akiugua, nikaona haya kuja kumzika. Nisamehe."

Wanaume wote walikuwa wakitutazama.

"Ndugu yangu," akasema, akiinua mguu mwingine, "huu bado, na maji yanapoa."

Nikauosha.