Umeme wa Fundi Taratibu

Walimwita Fundi Taratibu, na hawakumdhihaki. Miaka kumi na tisa alikaa kibanda kimoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe, wakitengeneza redio na amplifaya, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia mita. Yeye hufungua mfuniko, huwasha, kisha hupitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya kifaa kimoja kimoja, mpaka afike penye joto lisilo la kawaida. "Mgonjwa huyu hapa," husema. Shemeji akipima, anakuta ni kweli.

Mwaka huu mambo yakaenda mrama. Ndani ya miezi miwili aliunguza amplifaya tatu za watu. Akasema umeme wa mezani kwake ndio mbovu: pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, imezeeka, inapanda na kushuka. Shemeji, aliyetumia umeme huohuo bila kuunguza hata waya, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alimwambia.

Tena mbele ya mteja, jamani. Taratibu akakusanya bisibisi zake akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa na neno moja tu mdomoni: nitawaonyesha.

Ofisi moja ilikuwa inatupa kompyuta zilizokufa. Akaokota humo pawasaplai. Akaifungua juu ya meza ya kulia, mkewe akasogeza sahani. Akapuliza vumbi, akaitia mafuta feni iliyokuwa inakoroma. Akapanga waya kwa rangi: nyekundu za volti tano, njano za kumi na mbili, nyeusi za kurudishia. Ule wa kijani akaupeleka kwenye swichi pamoja na mweusi mmoja, maana hao wawili wasipokutana, saplai ya kompyuta haiwaki hata uibembeleze. Mwisho akafunga rezista nene nyeupe kati ya nyekundu na nyeusi, iwe inakula umeme kidogo wakati wote na kuugeuza joto. Saplai za namna hii zikikosa mzigo huyumba.

Kazi ya saa mbili ilimchukua siku nne. Waya zilimponyoka, nati zilimdondoka. Alilaumu bisibisi. Muuguzi wa kliniki ya kisukari aliwahi kumuuliza kama vidole vinamfa ganzi, naye alijibu hapana, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Jumamosi asubuhi akamwita shemeji aje aone kwa macho yake. Kabla hajafika, akawasha, akachomeka mita. Kumi na mbili kamili. Tano kamili. Akaegemeza mkono mezani, akautazama mshale kwa muda mrefu, nao haukutikisika. Alicheka peke yake. Umeme safi kama huo hata kibandani hawakuwahi kuwa nao.

"Baba, nini kinaungua?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna kinachoungua."

Mkewe hakuridhika, akaja kutazama. Kidole cha shahada cha mumewe kilikuwa kimelala juu ya ile rezista nyeupe. Akauvuta mkono kwa nguvu, na ngozi ikabaki pale. Taratibu hakusikia chochote. Hofu ikamwingia hapohapo. Angepiga ukelele wa maumivu, angeshukuru Mungu.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Na zile amplifaya za watu?"

Akakitazama kidole. Zote tatu alizipapasa kwa kidole hiki, zikichemka, akasema ziko sawa. Sasa hakuwa na umeme wa kusingizia. Huu ameutengeneza mwenyewe, na ni mzima.

Hodi ikapigwa. Shemeji aliingia na amplifaya kwapani, uso umemlainika.

"Shemeji, unisamehe kwa yale maneno," alisema. "Nimefikiri sana. Huenda kweli umeme wetu ndio mbovu."

Ilikuwa rahisi sana kuitikia. Ndiyo moja tu, na Jumatatu angerudi kibandani. Mkewe alikuwa ameuzungushia mkono wa mumewe kitambaa, hakuuachia.

"Umeme wenu ni mzima," Fundi Taratibu alisema. "Hii saplai ichukue, uiweke kwenye ile meza yangu. Utakayemkalisha pale mwambie asiguse kitu kabla ya kupima."