Chale za Mpagazi wa Ng'ambo

Hivi, ukichanjana damu na mtu, vita vikija chale hufutika?

Ilikuwa stesheni ya Tabora, enzi ya Mwingereza. Mama kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa Mbelgiji, alimbana mzee mmoja. Zamani mzee huyo na mume wa mama walikuwa wapagazi, wakachanjana udugu.

"Shemeji, wakati wa vita vya Mjerumani na Mbelgiji mume wangu alijificha kwako. Yuko wapi?"

"Serikali zile, shemeji..."

"Sijakuuliza serikali! Lete mkono."

Wakubwa waligawana nchi, wakaenda kunywa chai. Sisi wakatuachia visingizio.

Mzee alivuta mkono wa kanzu chini. Mama akaupandisha, akaweka kidole penye kovu.

"Tulikula pamoja," mzee akasema. "Alipolala, nikawaonyesha askari wa Mjerumani mlango wa chumba chake."