Gari Linalokula Jua

Mume wa Zenebech hakupanda gari lake la umeme kabla ya kupanda paa la nyumba. Kila asubuhi pale mjini Adama alipiga ishara ya msalaba, akakwea ngazi, akafuta paneli za sola kama mtu anayemwosha mtoto uso, huku akilaani vumbi la majirani. Wapita njia hawakusalimika. "Nyie subirini umeme urudi," aliwapigia kelele, "mimi gari langu linalishwa na Mungu!" Ndani ya nyumba yake, jiko la umeme la kuokea mikate ya injera lilipigwa marufuku, lisije likala jua la gari. Basi Zenebech akaoka uani kwa kuni za mikaratusi, macho yakamvimba, na moshi ukajipandia zake ukatua juu ya paneli. Aliposhika masizi, bwana alisema, "Ona vumbi la watu hawa lilivyo jeusi!"

Siku ya kumpeleka mkewe kliniki ya macho, gari lilizimika kabla ya kufika barabara kuu. Anga ilikuwa haina hata wingu moja. Bwana aliitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Hebu shuka, mama. Uzito wako unamaliza jua."

Zenebech akashuka, akasimamisha bajaji.

"Na mzee je, hatumchukui?" dereva akauliza.

"Mwache na jua lake, mwanangu. Mimi niwahishe kwa daktari kabla sijashindwa kuliona."